Sasisho la Windows limeganda: jua lilipokwama kabla hujashika kitufe

Mwalimu mmoja wa sekondari alishuka Kabwe kwenye Coaster ya Tukuyu akiwa amebeba laptopu iliyo wazi nusu, kaifunika kitenge isinyeshewe. Hakuifunga kwa sababu kioo kilikuwa kinamwambia asiizime. Ilikuwa imesimama kwenye asilimia 35 tangu saa nne usiku. Usiku kucha aliiacha kwenye chaja, na alipofika mezani kwangu hapa Mwanjelwa, Mbeya, ilikuwa saa tatu asubuhi, namba ni ileile. Alikuwa na swali moja: "Fundi, nikizima, alama za wanafunzi zitapotea?"

Nilimwambia sasisho la Windows linagusa mafaili ya mfumo, si nyaraka zake. Hati za Word na majedwali ya Excel kwa kawaida hukaa palepale hata sasisho likifia njiani. Vinavyoua nyaraka ni viwili: diski iliyochoka, na fundi anayekimbilia kupiga Windows upya kabla hajauliza chochote. Naandika haya zaidi kwa ajili ya hilo la pili. Nimepokea watu wengi mno waliopoteza picha za harusi, hesabu za VIKOBA, tasnifu iliyobakiza sura moja, kwa tatizo ambalo lingekwisha kwa kusubiri saa moja au kwa kubadilisha betri ndogo ya saa.

Kwa hiyo mtu akiniambia "apdeti imeganda", namuuliza imeganda wapi. Wakati wa kupakua? Wakati wa kusakinisha, huku Windows ikiwa bado inatumika? Au baada ya kujizima na kuwaka, kwenye kile kioo cha asilimia? Kila mahali pana ugonjwa wake, na dawa ya mahali pamoja haitibu pengine.

Huenda haijaganda

Asilimia unazoziona hazipimi muda. Windows inahesabu hatua za kazi, na hatua hazilingani: moja inakwisha kwa sekunde mbili, inayofuata inakula dakika arobaini. Ndiyo maana namba inaruka kutoka 5 hadi 27 halafu inakaa hapo mpaka mtu anakata tamaa. Laptopu nyingi tunazouziana hapa ni za mtumba zenye hadi diski ya kuzunguka na ramu ya giga 4. Kwenye mashine ya namna hiyo sasisho la kawaida la mwezi linaweza kuchukua saa mbili, na toleo jipya zima la Windows likachukua saa tatu au nne bila kuwa na ubaya wowote. Kwenye SSD, diski isiyo na kinachozunguka ndani, ni habari nyingine. Huko, saa moja na nusu bila mabadiliko inanitia wasiwasi.

Angalia taa ya diski, ile yenye alama ya kama kopo dogo. Ikipepesa bila mpangilio, mashine inafanya kazi, iache. Ikiwaka moja kwa moja bila kupepesa kwa saa nzima, diski inahangaika. Ikizima kabisa na isirudi, hapo kweli kuna jambo. Laptopu nyingi mpya hazina taa hiyo. Kwa hizo, kama ndani kuna hadi diski, weka sikio karibu na sehemu ya kuegemeza viganja usikilize. Mkwaruzo mwepesi usio na mpangilio ni sauti ya kazi. Mlio wa "tik... tik... tik" unaojirudia kwa mwendo mmoja ni sauti ya diski inayokufa, na hapo acha mengine yote uende kwenye sehemu ya diski huko chini.

Kisha bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima kila unapobonyeza, mfumo bado unakusikia. Isipoitikia, na zile nukta zinazozunguka nazo zimesimama, mashine imeganda kweli. Nukta kuendelea kuzunguka hakuthibitishi kwamba kazi inasonga, lakini zikisimama ushahidi umekamilika.

Kipimo changu ni hiki: SSD naipa saa mbili, hadi diski naipa saa nne, na kama taa bado inapepesa na umeme ni wa uhakika naiacha ilale usiku mzima. Mama mmoja mwenye stesheneri Uyole aliniambia, "Mwanangu, siwezi kungoja saa nne na wateja wamejaa." Namwelewa, tena siku hiyo ilikuwa ya watu kuomba mikopo ya chuo. Lakini kuzima kwa nguvu katikati kulimgharimu siku mbili. Tangu hapo anasasisha Jumamosi jioni akifunga duka.

Imekwama kwenye kupakua

Hapa ndipo penye unafuu, kwa kuwa hakuna kilichoguswa bado. Unaweza kuzima na kuwasha utakavyo.

Kwanza angalia bando. Sijasema kwa dharau. Nusu ya kesi za namna hii ninazoletewa ni hotspoti ya simu iliyoishiwa data katikati, au simu iliyojizima baada ya kioo kulala. Sasisho la mwezi linaweza kuwa mamia ya MB, na toleo jipya zima ni giga kadhaa. Halafu angalia kama mtandao uliounganisha umewekewa alama ya "Metered connection". Ikiwa imewashwa, Windows huacha kupakua masasisho mengi ili isikumalizie data, na mtu anadhani imeganda. Izime kwa muda, upakue, kisha uirudishe.

Ukitaka kujua kwa nini mtandao unakuwa mzito usiku fulani: Microsoft hutoa masasisho yake makuu Jumanne ya pili ya kila mwezi, na kwa saa zetu yanaanza kushuka saa 2 au saa 3 usiku kutegemea majira ya Marekani. Kama una kompyuta kadhaa ofisini, subiri Jumatano asubuhi, na washa ule mpangilio wa "Delivery Optimization" unaoruhusu kompyuta za mtandao mmoja kugawana sasisho. Moja ikishapakua, nyingine zinachota kwake badala ya kuchota kila moja kwenye bando. Kwa shule au stesheneri yenye mashine sita, tofauti ni kubwa.

Sasa tarehe. Hili nalipa nafasi kwa sababu linasumbua sana na mafundi wengi wanalipita. Kompyuta inapozungumza na seva za Microsoft inakagua vyeti vya usalama, na kila cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta ikiamini kwamba leo ni Januari 2012, inaviona vyeti vyote kuwa havijaanza kutumika, na inakataa. Unachoona wewe ni kupakua kulikosimama kwenye asilimia 0, au kuzunguka bila mwisho. Dalili ya pembeni ni kivinjari kulalamika kwamba tovuti si salama, hata tovuti unazozijua. Chanzo ni betri ndogo ya duara, CR2032, inayotunza saa mashine ikiwa imezimwa. Mashine za mtumba zimekaa maghalani miaka, betri hiyo imekufa, na kila ukichomoa umeme saa inarudi nyuma. Kurekebisha tarehe kwa mkono kunatosha kwa siku hiyo. Kubadilisha betri kunamaliza kabisa, na ni kazi ya dakika tano kwenye kompyuta ya mezani. Kwenye laptopu fungua kwa uangalifu, maana baadhi yake betri hiyo ina waya wake na ganda la plastiki.

Mtandao ukiwa mzima, tarehe ni sahihi, na bado imesimama, basi kilichoharibika ni mzigo uliopakuliwa nusu. Windows huuhifadhi kwenye folda ya SoftwareDistribution, na usipoliondoa faili bovu itaendelea kulirudia hilohilo. Andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, bofya kulia, chagua "Run as administrator", kisha andika mstari mmoja mmoja:

net stop wuauserv
net stop bits
net stop cryptsvc
ren C:\Windows\SoftwareDistribution SoftwareDistribution.old
ren C:\Windows\System32\catroot2 catroot2.old
net start cryptsvc
net start bits
net start wuauserv

Mistari mitatu ya kwanza inasimamisha huduma zinazoshika folda hizo. Miwili ya kati inazibadilisha majina, na mitatu ya mwisho inawasha huduma tena. Windows itatengeneza folda mpya safi. Nabadilisha jina badala ya kufuta ili kukitokea jambo niweze kurudi nyuma. Usishangae orodha ya masasisho yaliyopita ikionekana tupu. Masasisho yenyewe yapo, kilichoondoka ni kumbukumbu yake tu. Wiki moja baadaye, mambo yakiwa shwari, futa ile yenye .old urudishiwe nafasi.

Imekwama kwenye kusakinisha, Windows ikiwa bado wazi

Sababu ya kwanza ni nafasi. Msimbo 0x80070070 maana yake diski imejaa, ingawa mara nyingi hakuna msimbo unaotokea, inakaa tu. Kwa toleo jipya zima la Windows napenda kuona giga 20 wazi kwenye C. Fungua "Disk Cleanup", bonyeza "Clean up system files", uondoe mabaki ya masasisho ya zamani. Kisha nenda kwenye folda ya Downloads. Huko ndiko zinakolala filamu na video za WhatsApp zilizohamishwa kutoka kwenye simu, na mara nyingi ndiko nafasi yote ilikoishia. Laptopu ndogo zenye hifadhi ya giga 32 zina shida ya kudumu hapa, kwa sababu Windows yenyewe inajaza karibu zote. Zinaweza kusaidiwa na flashi iliyo tupu wakati wa kusasisha, maana Windows huomba diski ya nje iitumie kama sehemu ya muda.

Sababu ya pili ni antivirusi ya nje, hasa ile ya kukrakiwa, yaani iliyovunjwa leseni. Inakagua kila faili linaloandikwa, na wakati mwingine inalishikilia faili la mfumo mpaka kisakinishi kinachoka kusubiri. Iondoe kabisa kwa muda. Kuizima tu hakutoshi, kwa kuwa sehemu zake zinaendelea kukaa chini ya mfumo. Windows Defender itajiwasha yenyewe kushika zamu.

Ya tatu ni mafaili ya mfumo kuharibika, jambo la kawaida mahali ambapo mashine inazimika ghafla mara tatu kwa wiki. Kwenye dirisha lilelile jeusi la cmd andika:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth
sfc /scannow

Fuata mpangilio huo. Ya kwanza inatengeneza ghala la mafaili halisi, ya pili inachukua kutoka kwenye ghala hilo kwenda kuziba palipoharibika. Ukianza na ya pili wakati ghala lenyewe ni bovu, unaziba tundu kwa kitambaa kilichotoboka. DISM inahitaji intaneti, na ina tabia ya kusimama kwenye asilimia 62.3 kwa dakika nyingi. Iache imalize.

Juni na Julai naongeza swali jingine: ulikuwa umeiweka wapi? Baridi ya Mbeya na Njombe inawafanya watu watumie laptopu kitandani, juu ya blanketi. Blanketi linaziba matundu ya chini, feni inazunguka bure, na chipu ikishapata joto inajipunguzia mwendo au inajizima ili isiungue. Sasisho ni kazi nzito ya saa nzima, si kama kuandika barua. Iweke mezani.

Imekwama baada ya kuwaka upya

Hiki ndicho kioo kinachotisha, kile chenye asilimia na onyo la kutozima. Windows iko katikati ya kubadilishana mafaili yake yenyewe. Ukishajiridhisha kwa vipimo vya mwanzo kwamba imeganda, fanya hivi kabla ya kuzima: chomoa kila kilichoning'inia. Printa, flashi, modemu, kadi ya kamera, diski ya nje, hata kipanya. Nimeona mashine iliyokaa asilimia 99 ikaendelea baada ya kuchomoa kadi ya SD. Mwaka 2019 Microsoft yenyewe iliweka kizuizi kwenye toleo la Mei la Windows 10 kwa kompyuta zenye diski ya USB au kadi ya SD iliyochomekwa, kwa sababu herufi za diski zilikuwa zinabadilishana wakati wa kusasisha. Tangu nijue hilo, sianzi toleo jipya la Windows bila kuvua kila kitu.

Kisha ndipo unashika kitufe cha kuwasha kwa sekunde kumi mpaka izimike. Subiri nusu dakika, washa. Mara nyingi Windows itagundua kwamba kazi haikuisha na itarudisha mambo kama yalivyokuwa, itakuandikia kwamba inaondoa mabadiliko. Hilo nalo linachukua muda mrefu, pengine kuliko kusakinisha kwenyewe. Usilikatize. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea: waliizima mara ya kwanza kwa haki, wakaizima mara ya pili kwa hasira.

Ikirudi kwenye kuganda kulekule, ingia kwenye mazingira ya matengenezo. Washa, na alama ya Windows ikitokea tu, shika kitufe uizime. Rudia. Mara ya tatu inaingia yenyewe kwenye "Automatic Repair". Humo nenda "Troubleshoot", halafu "Advanced options". Chaguo langu la kwanza ni "Uninstall Updates", kuondoa sasisho la karibuni. La pili ni kuingia "Safe Mode", ambako draiva (programu zinazoendesha vifaa vya mashine) chache tu zinawaka, na mara kadhaa sasisho linajimalizia humo. La tatu ni dirisha jeusi na amri hii:

dism /image:C:\ /cleanup-image /revertpendingactions

Inafuta foleni ya kazi zilizokwama. Angalia kwanza herufi, kwa sababu humo ndani Windows yako huenda imekuwa D na si C. Andika dir C: uone kama folda ya Windows ipo.

Kabla ya yote haya, kama laptopu ni ya ofisi au ni mpya kiasi, tafuta ufunguo wa BitLocker, kufuli ya Windows inayofunga diski nzima, ule wenye tarakimu 48. Mazingira ya matengenezo yanaweza kuuomba, na bila huo hakuna fundi Mbeya wala Dar es Salaam atakayekufungulia diski. Kwa mashine ya mtu binafsi aghalabu umehifadhiwa kwenye akaunti yake ya Microsoft. Uingilie kwa simu, uunakili kwenye daftari.

Msimbo unaoanza na 0xC1900101 unamaanisha draiva. Kwenye mashine za mtumba mtuhumiwa wangu wa kwanza ni draiva ya kadi ya picha au ya wifi iliyowekwa na muuzaji kutoka kwenye zile programu zinazopakia draiva zote kwa mkupuo. Iondoe, uiachie Windows iweke yake ya kawaida, kisha jaribu tena.

Inakamilika, halafu kesho inaanza upya

Shule na migahawa ya intaneti wanalijua hili. Sasisho linaisha vizuri jioni, asubuhi linaombwa tena lilelile. Kabla ya kuilaumu Windows, angalia kona ya chini kulia kama kuna alama ya dubu mweupe. Ni Deep Freeze, programu inayorudisha diski kama ilivyokuwa kila kompyuta inapowashwa. Aliyeifunga huenda alihama shule miaka mitatu iliyopita bila kuacha nywila. Hapo hakuna amri itakayosaidia mpaka ifunguliwe kwanza, sasisho liingie, kisha ifungwe tena.

Kisa kingine ni sehemu ndogo ya diski ya kurejesha mfumo. Januari 2024 sasisho la Windows 10 lenye namba KB5034441 lilikuwa linashindwa kila siku kwa msimbo 0x80070643 kwenye kompyuta ambazo sehemu hiyo haikuwa na MB 250 zilizo wazi. Ujumbe haukutaja nafasi, na watu walihangaika wiki nzima. Ukikutana na msimbo huo kwenye sasisho la namna hiyo, mashine yako haijaharibika. Sehemu ya kurejesha inahitaji kuongezwa, na hiyo mpe anayejua kugawa diski.

Kuhusu Windows ya kukrakiwa nasema kwa upendo: programu nyingi za kukrakia huzima huduma ya masasisho kwa makusudi, au hubadilisha mafaili ambayo sasisho linakuja kuyakuta hayalingani. Unaweza kufuata kila hatua niliyoandika na isifanye kazi, kwa sababu mtu mwingine alishafunga mlango kutoka ndani.

Umeme

Huku kwetu, kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua inakuja na radi, na kutoka Tukuyu hadi Kyela mvua haikawii. Umeme ukikatika katikati ya sasisho la kawaida, mara nyingi Windows inajikomboa. Ilishaandika mahali ilipofika, na ikiwaka inarudi nyuma au inaendelea. Kukatika mara moja sikuogopi sana. Ninachokiogopa ni umeme unaorudi na kuondoka mara tano ndani ya dakika mbili, maana kila mara diski inashtuliwa ikiwa katikati ya kuandika.

Na kuna sasisho moja ambalo halina msamaha kabisa: la BIOS, programu iliyo kwenye bodi inayoiamsha mashine kabla ya Windows. Siku hizi linaweza kuja kupitia njia ileile ya masasisho ya Windows, kioo kinakuwa cheusi chenye nembo ya mtengenezaji na mstari unaojaa polepole. Umeme ukikatika hapo, bodi inaweza isiwake tena, na kuiamsha ni kazi ya kuchoma chipu upya. Ukiona sasisho la namna hiyo na mawingu yameshuka juu ya mlima Loleza, liahirishe. Sijali ni la haraka kiasi gani.

Laptopu inapaswa kuwa salama kwa sababu ina betri, lakini betri za mtumba nyingi ni jina tu. Pima kabla. Kwenye dirisha jeusi andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili inayotajwa. Linganisha uwezo wa betri ilipotengenezwa na uwezo inaojaza sasa. Ikiwa cha sasa kiko chini ya nusu, usiitegemee kwa kazi ya saa mbili. Kwa kompyuta ya mezani, UPS ndogo (betri ya akiba) inayokupa dakika kumi haitoshi kumaliza sasisho kubwa, ila inazuia ule mtikisiko wa umeme kuja na kuondoka. Wanaotumia sola na inveta vijijini wafanye kazi hii saa sita mchana, si usiku betri zikiwa zimeshuka.

Diski yenyewe

Nikihesabu mashine zilizoganda kwenye kioo cha asilimia zilizopita mezani kwangu, ugonjwa wa nyingi ulikuwa diski. Sasisho ni kazi inayoisomesha na kuiandikisha diski kuliko kitu chochote unachofanya mwezi mzima, hivyo sehemu mbovu zilizokuwa zimelala zinajitokeza siku hiyo. Mtu anasema sasisho limeharibu kompyuta. Sasisho limefichua.

Pakua CrystalDiskInfo, ni ya bure, uangalie rangi. Buluu ni nzuri, njano ni onyo. Soma mistari ya 05, C5 na C6. C5 ni idadi ya sehemu ambazo diski inashindwa kuzisoma na bado haijaamua izifanyeje. Ikiwa si sifuri na inapanda kila wiki, usijaribu tena kusasisha, na usikimbilie chkdsk C: /r kama wengi wanavyoshauri. Amri hiyo inapitia diski nzima kipande kwa kipande, na kwa diski inayokufa hizo ni saa nyingi za mateso ambazo huenda zikaimaliza kabla hujatoa nyaraka zako. Nakili kwanza. Kama Windows haiwaki, washa mashine kwa flashi yenye Linux, Mint au Ubuntu, ufungue diski na kuhamisha nyaraka kwenye diski ya nje. Au itoe uichomeke kwenye mashine nyingine. Mengine yote yasubiri.

Diski ikiwa nzima na bado Windows haisasishiki, kuna hatua moja kabla ya kupiga upya: pakua faili la ISO la Windows kutoka Microsoft, yaani Windows nzima ndani ya faili moja la giga kadhaa, lifungue ukiwa ndani ya Windows, endesha setup, na uchague kutunza mafaili na programu. Inaweka mfumo mpya juu ya ule wa zamani bila kugusa vitu vyako. Hatua hii imeniokolea wateja wengi kuliko nyingine yoyote.

Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za mtumba zina prosesa za Intel za kizazi cha nne hadi cha saba, ambazo Windows 11 haizikubali rasmi. Inataka kizazi cha nane kwenda juu na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Wapo wanaoilazimisha kuingia. Inaingia, lakini toleo jipya la mwaka halitakuja lenyewe, na ukilisukuma kwa mkono ndipo linapoganda. Kama mashine yako iliwekewa Windows 11 kwa namna hiyo, muulize aliyekuuzia kabla hujapoteza siku nzima ukifuata hatua za hapa.

Laptopu ya mwalimu ilikuwa na C5 ya 48, na ule mlio. Niliizima, nikaitoa diski, nikaichomeka kwenye mashine yangu, na kitu cha kwanza nilichonakili ni faili la alama. Nikamfungulia pale mezani ajionee kidato cha pili wote wapo. Tukahamisha diski nzima kwenda kwenye SSD. Ilipowaka ilitumia dakika chache kuondoa mabadiliko yaliyokwama, nikaendesha DISM na sfc, kisha sasisho lilelile lililokaa asilimia 35 usiku kucha likaingia kwa dakika ishirini na tano. "Ndaga fijo, fundi," alinishukuru kwa Kinyakyusa, akaifunga laptopu, akaitia kwenye mkoba, na kile kitenge akajifunika mwenyewe maana mvua ilikuwa bado inanyesha.